Kutoka Majengo hadi Bagamoyo: matembezi ya lokesheni za tamthiliya

Matembezi ya lokesheni ni ziara ya miguu. Kiongozi huwapitisha wageni katika mitaa, nyumba na fukwe zilizoonekana kwenye tamthiliya ya runinga, akieleza kipi kilipigwa wapi na kwa sababu gani. Mfano unaotajwa zaidi duniani ni mji wa kale wa Dubrovnik, Kroatia, ambako Game of Thrones ilipiga picha nyingi za mji wake mkuu wa kubuni kuanzia msimu wa pili. Msimu wa kwanza, uliorushwa mwaka 2011, mji huohuo ulikuwa umepigwa Malta, na watazamaji wengi hawakubabaika hata kidogo. Mji wa kwenye runinga hauna anwani moja. Huungwa vipande kwa vipande, na kazi ya kiongozi wa matembezi ni kuufumua.

Kwa Tanzania mahali pa karibu zaidi na matembezi ya aina hii ni Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Tamthiliya yake ni Siri ya Mtungi, iliyotengenezwa na Media for Development International na kuanza kurushwa Desemba 2012. Mhusika mkuu, Cheche, ni mpiga picha aliyejifunza kazi Bagamoyo kwa Masharifu, mwenye studio, akamwoa binti yake Cheusi, kisha akaenda kutafuta maisha Dar es Salaam. Hadithi inakwenda na kurudi kati ya miji hiyo miwili: mmoja wa mawe ya matumbawe na mabaraza, mwingine wa foleni na nyumba za kupanga. Ilitungwa pia kwa lengo la elimu ya afya, hasa Ukimwi na uzazi wa mpango, lakini iliandikwa kwa ustadi wa kutosha kiasi kwamba mtu aliweza kuifuata mwezi mzima bila kuhisi anahubiriwa. Si kazi zote za aina hiyo zinazofikia hapo.

Majengo, safari hii inakoanzia, ni kata ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, upande wa pili kabisa wa nchi. Runinga yenyewe ilichelewa kufika huko kama ilivyochelewa Bara nzima: Zanzibar ilikuwa na kituo cha rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, ilhali Bara ilisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza. Kabla ya hapo maigizo yalikuwa ya kusikiliza, kama Pwagu na Pwaguzi ya Redio Tanzania, na sinema zilitazamwa kwenye vibandaumiza, watu wamebanana juu ya mabenchi mbele ya runinga moja. Tarehe 31 Desemba 2012, Siri ya Mtungi ikiwa ndiyo kwanza imeanza, mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata kwa zamu. King'amuzi kikawa kifaa cha lazima. Mwaka uliofuata Azam TV ikazinduliwa, na tamthiliya za Kiswahili zikapata nafasi ya kila siku. Hivi leo jioni moja Majengo, mtu akipita uchochoroni anaweza kuifuata hadithi bila kuikosa, kutoka dirisha hadi dirisha. Nyumba zinazoonekana kwenye tamthiliya hizo, magari, hata lafudhi, karibu vyote ni vya Dar es Salaam na pwani.

Safari ya kuviona inaanzia stesheni. Reli ya Mpanda ni tawi linaloachana na reli ya kati Kaliua, na urefu wake ni takriban kilomita 210. Haikujengwa kwa ajili ya abiria: ilifunguliwa mwaka 1950 ili kutoa madini ya risasi ya mgodi wa Uruwira, na mgodi ulipofungwa miaka kumi baadaye, abiria, mahindi na asali vikabaki kuwa sababu ya treni kuendelea kuja. Njia inapita misitu ya miombo na kuvuka mto Ugalla. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam kwa njia hii ni zaidi ya kilomita 1,100. Wenye haraka siku hizi hupanda basi kupitia Inyonga na Sikonge hadi Tabora, kwa kuwa barabara hiyo sasa ni ya lami. Mwandishi alichagua treni, uamuzi unaofaa kwa mtu asiye na miadi. Kutoka Dar es Salaam, mabasi ya Bagamoyo huondokea Makumbusho, na mwendo ni wa kilomita 70 hivi.

Matembezi huanzia Caravan Serai, jengo lenye ua mpana lililokuwa kituo cha misafara. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walifika hapa wakitoka Tabora na Ujiji, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi kidogo ya kilo 30, begani au kichwani. Kwa mgeni wa Katavi kituo hiki kina uzito wake, maana njia ya msafara ndiyo iliyomleta kwa reli: reli ya kati imejengwa ikiifuata kwa sehemu kubwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo ya biashara ya watumwa na pembe kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia, Bagamoyo ikiwa mwisho wake wa pwani.

Kiongozi, kijana wa Bagamoyo aliyesomea utalii, alikuwa na ufundi mmoja tu, lakini ulitosha. Simu yake ilijaa picha zilizonaswa kutoka kwenye tamthiliya. Kila alipofika pa kuonyesha aliinua simu hadi ukingo wa kioo ukakutana na ukingo wa ukuta halisi, kisha akanyamaza ili watu watafute tofauti wenyewe. Tofauti hazikosekani. Kwenye kioo uchochoro ni mrefu. Mguuni ni hatua chache, kwa sababu lenzi pana husukuma vya nyuma mbali zaidi, na lenzi ya kubana hufanya kinyume. Ukuta ambao mtazamaji wa Majengo aliuona kuwa wa rangi ya dhahabu ni chokaa iliyobanduka juu ya mawe ya matumbawe, yenye vitundu kama andazi lililovunjwa. Dhahabu ilitoka kwenye jua la saa moja na nusu asubuhi. Kufikia saa nne rangi hiyo huwa imekwisha, na ndiyo maana wapiga picha za nje huamka kabla ya wavuvi.

Kutoka hapo njia hupita Ngome Kongwe, iliyoanza kujengwa karibu mwaka 1860 na mfanyabiashara Abdallah Suleiman Marhabi, ikaongezwa wakati wa Sultani Barghash, na baadaye ikatumiwa na Wajerumani, halafu Waingereza, kuwa kambi na jela. Kisha ni Mtaa wa India, uti wa mgongo wa Mji Mkongwe. Milango ya nakshi bado ipo, mingine imara, mingine imeshikwa na waya. Hapa ndipo penye ladha ya studio ya Masharifu: duka la chini, makazi juu, baraza mbele. Nyumba zenyewe ni za watu na watu wanaishi humo, kwa hiyo hapa hazitajwi moja moja.

Hilo lahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndiko matembezi haya yanakopatia au kukosea. Lokesheni ya tamthiliya mara nyingi ni sebule ya mtu. Watu wa uzalishaji huja kwanza kwa mjumbe au serikali ya mtaa, kisha kwa mwenye nyumba, wakapatana malipo. Siku ya kushuti jenereta huwekwa mbali ili sauti yake isiingie, kelele za bodaboda husubiriwa zipite, adhana ikianza kazi husimama, na majirani huombwa wazime redio. Sini ya dakika mbili huweza kula nusu siku. Kazi ikiisha wao huondoka, lakini wageni wenye simu huendelea kuja miaka na miaka, na mwenye nyumba hakupatana nao.

Kiongozi huyu alilijua hilo. Barazani alikuwapo bibi mmoja akichambua mchele kwenye ungo. Kijana alisimama hatua kadhaa kabla, akabisha hodi, akaamkia.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja na wageni wa bara."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Wa wapi hao?"

"Mpanda, bibi. Katavi."

"Huko mbali. Watakuja kuona nyumba ya kwenye tivii, wakakuta mimi na mchele wangu." Akaendelea kuchambua. "Pigeni picha mlango. Mimi msinipige, sijajitanda vizuri."

Wageni walipiga mlango, wakamwachia kiongozi ampe bibi chochote kwa namna anayoijua yeye. Mpango wa namna hiyo hauandikwi kwenye tiketi yoyote, na bila huo matembezi yangekuwa uvamizi wa mchana kweupe.

Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1897 Bagamoyo ikiwa imekwisha kupoteza hadhi ya makao makuu ya koloni kwa Dar es Salaam, halihitaji tamthiliya. Sehemu yake iliporomoka baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Kisa kinachopendwa na viongozi wa Bagamoyo ni cha Mjerumani Emin Pasha, aliyefikishwa pwani na mpelelezi Stanley Desemba 1889 baada ya safari ndefu ya kuokolewa, akafanyiwa karamu, na usiku huohuo akaanguka kutoka ghorofani akaumia vibaya. Macho yake yalikuwa mabovu. Mwandishi wa tamthiliya angekileta kisa hicho mezani, mwongozaji angekikataa kwa kusema hakiaminiki.

Ufukweni, karibu na jengo la zamani la forodha la 1895, majahazi na ngalawa ni za kazi, na soko la samaki lina harufu isiyoonekana kwenye kioo. Kiongozi alieleza uhariri kwa njia rahisi: mhusika anaweza kutoka mlangoni Bagamoyo, akageuza uso, na sini inayofuata akawa Kinondoni. Kinachounganisha ni shati lilelile, jua la upande uleule na sauti ya nje isiyokatika. Ndiyo maana kila kikundi cha kushuti huwa na mtu wa kukumbuka kifungo kipi kilikuwa wazi na kikombe kilikuwa na chai kiasi gani. Kwa mgeni aliyekwisha kuona mtaa kwa miguu yake, maungio haya huanza kujitokeza kila anapotazama, na raha ya kutazama hupungua kidogo na kuongezeka kidogo.

Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868 na mapadre wa Roho Mtakatifu, iko nje kidogo ya mji mwishoni mwa njia ya miembe. Bajaji hufika kwa dakika chache. Mwili wa mmisionari na mpelelezi Livingstone ulilazwa hapo Februari 1874, baada ya kubebwa na watumishi wake, akina Chuma na Susi, kutoka ndani ya bara. Kwa mtu wa Katavi, hata hivyo, habari iliyo karibu na nyumbani ni nyingine. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe uliondokea Bagamoyo kuelekea Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 shirika hilo lilikabidhiwa kituo cha Wabelgiji cha Karema, kilichoanzishwa 1879 kwenye ufuko ambao leo uko katika mkoa wa Katavi. Karema alifanya kazi Adrien Atiman, aliyetekwa utotoni katika nchi inayoitwa sasa Mali, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, akahudumia wagonjwa wa ziwa kutoka mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka 1956. Kuta za Karema zipo, ziwa liko mbele yake. Ni lokesheni iliyo tayari, hadithi ikiwa ndani yake.

Kwa nini basi kamera ilisimama Bagamoyo? Jibu lilipatikana kituo cha mwisho, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, kusini mwa mji karibu na bahari. Chuo hicho cha sanaa kilianza mwaka 1981, kikawa wakala wa serikali mwaka 2007, na tamasha lake la kila mwaka limekuwapo tangu miaka ya mwanzo ya 1980. Kinafundisha uigizaji, ngoma na muziki, na pia kazi za nyuma ya kamera. Jukwaa lake la zamani liliungua mwaka 2002, likajengwa jipya. Mji wenye chuo cha namna hiyo una waigizaji wa ziada, mafundi wa sauti na washonaji wa mavazi ndani ya mwendo wa miguu, na Dar es Salaam, yenye waigizaji wenye majina, iko saa mbili kwa gari.

Hesabu ya Mpanda ni nyingine. Kikundi kidogo cha watu ishirini, kamera, taa na jenereta, kikisafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja, kitalipa nauli, malazi na chakula kwa siku za njiani ambazo hakuna hata sini moja iliyopigwa. Mzalishaji wa tamthiliya ya kila siku, anayetakiwa kumaliza vipande kadhaa kwa wiki, hawezi kuubeba mzigo huo. Anayeweza ni yule ambaye watu na vifaa vyake tayari viko Mpanda. Mwanafunzi mmoja wa TaSUBa, aliposikia wageni wametoka Katavi, hakuuliza habari za viboko wa hifadhi ya Katavi. Aliuliza kama stesheni ya Mpanda inaruhusu kupiga picha, na kibali kinaombwa kwa nani.