Chumba cha Baraka na Nyumba ya Fizi

Sisi tunaowaandikia tuko watoto wa Fizi. Katika mwaka wa masomo 2023-2024 tulikuwa wane, tukipanga chumba kimoja hapa Baraka ili tusome. Leo tumebaki watatu. Tunataka kueleza sababu.

Kodi tuliyolipa kwa mwezi ingetosha kupanga nyumba nzima kule Fizi, pamoja na uwanja wake na mwembe. Tuliona ajabu. Fizi ndiyo makao ya teritwari, ofisi ya Administrata iko kule mlimani, na toka kule mpaka huku hakufiki kilometa 50. Basi kwa nini Baraka inashinda?

Kwanza tulisema: ni simenti na mabati. Mmoja wetu akacheka: "Mabati ya Fizi yanapita wapi? Si yanatoka huku ziwani, yanapanda na gari katika matope? Kule yanazidi bei!" Tukanyamaza. Kweli, kujenga kwa simenti kule ni gharama zaidi, lakini kupanga ni rahisi. Ndipo tukaelewa kwamba bei ya nyumba haitoki katika matofali peke yake. Inatoka pia katika watu wanaoitafuta.

Na huku watu ni wengi. Tangu Oktoba 2005 maboti yalirudisha wakimbizi wetu kutoka Kigoma, yakawashusha hapa Baraka. Wengine hawakuendelea mpaka vijijini. Wafanyakazi wa mashirika nao walitafuta nyumba, wakilipa kwa dola. Mwaka 2015 kambi ya Lusenda ilifunguliwa kwa ndugu wa Burundi, na mwaka 2017 ile ya Mulongwe. Soko likakua. Lakini kule Fizi mtu hupata kiwanja kwa ukoo, hujenga kwa udongo, na mwenye kupanga ni mwalimu ao mtumishi wa serikali tu.

Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda, nyumba za kando zikazama. Mama mwenye nyumba akaongeza kodi yetu. Tulimnung'unikia, tukamwita mchoyo. Siku moja tukaenda kumwomba apunguze. Tulikuta watu wamelala mpaka barazani: jamaa zake waliokimbia maji. Akasema, "Wanangu, hawa siwezi kuwalipisha. Makuta yenu ndiyo unga wao." Tulipata haya.

Lakini haya hailipi kodi. Baba ya mwenzetu wa nne alitaka kuuza nyumba yao ya Fizi. Bei aliyopewa haikufika hata nusu ya parsele tupu ya hapa. Mwenzetu akakataa: "Baba, mama na wadogo watalala wapi?" Akafunga mkeka wake, akarudi kwao mbele ya mitihani. Naye alikuwa akitufundisha hesabu sisi wote.

Hatumlaumu mama yule. Ila tunaomba hivi: ninyi wenye wazazi hapa Baraka, kama kwenu kuna kona ya kulala mtoto mmoja, mutuambie. Kila tukipanda Fizi kwa mapumziko anatuomba madaftari yetu, anayanakili usiku. Bado hajaacha shule moyoni.

Ni sisi, wanafunzi watatu wa Fizi.