Namba Isiyo na Jina

Mei 2024 Mto Tana ulifurika, na vijiji vingi karibu na Garsen vikawa havifikiki ila kwa mtumbwi. Kikundi chetu cha misaada kiliandikisha kaya zilizohama. Orodha ziliandikwa kambini kwa kalamu, usiku tukazipiga chapa kwa umeme wa sola, kisha tukazituma kwa barua pepe kupitia seva yetu wenyewe. Zikawa zinarudi.

Kila iliyorudi ilianza na namba 550: anwani yetu ya IP haina rekodi ya PTR. Tangu Februari mwaka huo Google ilidai kila seva inayopeleka barua kwa watu wa Gmail isomeke pande zote mbili, jina lielekeze kwenye namba, na namba nayo ijibu kwa jina lile lile. Wafadhili wetu wengi walikuwa huko.

"Kijana wangu, wale wafadhili wa Nairobi wameipata orodha?" mwenyekiti wetu aliniuliza kila jioni.

"Bado, mzee."

Jibu hilo liliniuma. Kila mstari wa orodha ulikuwa mama na watoto wake chini ya turubai.

Jina letu la .or.ke tulilisimamia sisi, lakini namba haikuwa yetu. AFRINIC hugawa mafungu ya namba kwa kampuni za intaneti barani Afrika, na aliyepewa fungu ndiye mwenye funguo za DNS ya kinyume, ile inayotoa jina kutoka kwenye namba na ndimo PTR huandikwa. Hata ningepanga nini upande wa jina, PTR isingetokea. Kampuni iliyotuuzia intaneti ikaniambia nizime modemu niiwashe tena. Nikapiga mara nyingine, nikaelekezwa kwa waliotusajilia jina. Mtandao ukikatika katikati ya maelezo, nilianza upya na mtu mwingine.

Nikaacha kueleza kwa mdomo. Niliandika barua fupi yenye IP yetu, jina kamili la seva, na rekodi yenyewe inavyotakiwa kuandikwa, maana namba hugeuzwa: 192.0.2.25, kwa mfano, huwa 25.2.0.192.in-addr.arpa. Nikaomba ifike kwa mhandisi wa mtandao. Siku hizo orodha zilikwenda kwa WhatsApp, picha moja moja, na Mungu awabariki waliokesha Nairobi wakizinakili.

Mhandisi mmoja akaisoma, akaelewa, akanipigia mwenyewe. "Kaka, hebu angalia sasa." Nikaandika dig -x na namba yetu, na kwenye mstari wa jibu likatokea jina la seva yetu, herufi kwa herufi. Nikatuma orodha ya siku ile. Haikurudi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mle ofisini.

Wewe unayesimamia seva ya shule, zahanati au chama cha ushirika, usitie sahihi mkataba wa intaneti kabla haujaandikwa ndani yake kwamba IP yenu ya kudumu itawekewa PTR ya jina lenu. Pata na simu ya mhandisi. Fanya hivyo kabla ya masika.