Sanduku la Mhudumu wa Ndege: Nasaha kwa Mjukuu Aliyeko Dubai

Mhudumu wa ndege wa safari za mbali huwa na mizigo mitatu: mkoba wa mkononi wenye pasipoti na kitambulisho, begi dogo la magurudumu analoingia nalo ndani ya ndege, na sanduku kubwa linaloshushwa kwenye shehena anapokwenda kulala ugenini. Kila mmoja una kanuni zake, lakini iliyo juu ya zote ni kwamba hakiingii kitu ambacho mwenye mzigo hakukitia kwa mkono wake mwenyewe. Barua hii inaandikwa kwa ajili ya kanuni hiyo. Tangu mfungo tatu maneno yanafika Tanga kwamba mjukuu, naye mhudumu wa ndege, anapokea vifurushi vya watu, vya Deira, Dubai, kuja huku na vya huku kwenda Deira. Nyumbani wote wazima. Bibi anameza dawa zake za presha, na bati la uani limeshazibwa.

Begi dogo la magurudumu ni kazi ya watu wa ndege wenyewe. Mmarekani Bernard Sadow alipata hataza ya sanduku la magurudumu mwaka 1972, lakini lake lililala ubavu na kuburutwa kwa mkanda, kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Mwaka 1987 Robert Plath, rubani wa Northwest Airlines, alilisimamisha wima, akalitia magurudumu mawili na mpini mrefu. Aliwauzia kwanza marubani na wahudumu wenzake. Abiria walipowaona wakipita uwanjani bila kuinamisha bega, nao wakayataka mabegi hayo, na Plath akaanzisha kampuni ya Travelpro. Wapakiaji wa zamani, akiwamo babu mtu anayeandika haya, walinyanyua masanduku ya mbao kwa mikono mitupu. Migongo yao inasimulia hadi leo. Kiinua mgongo hakikuwa na la kusimulia.

Marubani nao wamepunguziwa. Zamani kila mmoja alibeba mkoba wa ramani na vitabu vya ndege. Katika American Airlines ulikuwa na uzito wa kilo 16 hivi, hadi shirika hilo lilipokamilisha kuhamia kwenye tableti mwaka 2013.

Ndani ya ndege begi la mhudumu hukaa kwenye kabati lenye mlango au sehemu za juu, kamwe si kwenye njia wala karibu na mlango wa dharura. Ndege ikiungua, linaachwa. Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024, watu 379 walitoka hai katika ndege ya Japan Airlines iliyokuwa ikiwaka moto, na mabegi yakabaki humo yakateketea.

Sanduku la shehena hufungwa lebo inayoonyesha kuwa ni la wafanyakazi wa ndege. Kwenye kibandiko cha jina inatosha namba ya kazi. Anwani ya nyumba haina haja ya kusomwa na kila apitaye. Picha ya sanduku ipigwe kabla halijaondoka mkononi, na kipande cha lebo kitunzwe. Mwaka 2023 wasafiri wawili wa Brazili walikaa mahabusu Ujerumani siku 38 kwa sababu lebo zao zilibanduliwa katika uwanja wa Guarulhos, São Paulo, zikabandikwa kwenye masanduku ya kokeini. Waliofanya hivyo walikuwa watu wa kazi ya mizigo. Mpakiaji mwaminifu huumia kusikia habari hiyo kuliko mtu mwingine yeyote.

Hatari kubwa zaidi hutokana na sare. Katika viwanja vingi wafanyakazi wa ndege wana njia yao ya ukaguzi, na Marekani upo mpango wa kuwatambua kwa vitambulisho na kuwapitisha haraka. Lakini ukaguzi wa kushtukiza upo. Machi 2016, Los Angeles, mhudumu mmoja alipoteuliwa kukaguliwa alivua viatu na kukimbia, akaacha nyuma mabegi yenye karibu kilo 30 za kokeini. Huyo alijua alichobeba. Asiyejua ana hali mbaya zaidi, kwa kuwa hana hata la kuungama.

Yapo ya kijana mmoja wa Dar es Salaam, miaka ya themanini, mhudumu wa ndege mwenye adabu na maringo kidogo, kipenzi cha mtaa. Siku ya safari ya Muscat alifuatwa na mama jirani, mtu mzima wa heshima zake, ameshika kopo la halua lililozungushiwa kamba ya ukili. Limfikie mwanawe, alisema. Atakuja kulichukua hotelini. Kijana alipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa kupokea cha mkubwa. Hakujiuliza swali lililokuwa wazi: nani anatuma halua Muscat, kwenye halua yenyewe? Sanduku lilipofika kwa wapakiaji, babu mtu, aliyekuwa zamu, alilinyanyua akaona limelemea upande mmoja. Mkono wa mpakiaji hujua. Alimwambia nyapara, nyapara akajibu kwamba sanduku la wafanyakazi wa ndege haliulizwi maswali, pakia.

Muscat likafunguliwa. Afisa wa forodha alichomeka kisu kwenye halua, na kabla hakijafika chini kikagonga kitu: vito, vimefungwa kwa nailoni na kuzamishwa ndani. Kijana alitaja jina la mama, mtaa, hata rangi ya mlango wake. Mama alipoulizwa alisema kijana huyo hamjui ila kwa kumwona akipita. Hotelini hakutokea mtu. Kijana alirudi baada ya miezi kadhaa, kazi hana, na mchumba ameshaolewa. Nyapara alipandishwa cheo mwaka uliofuata, jambo lisilohusiana na mizigo lakini halijasahauliwa.

Mama yule hakushukiwa kwa sababu ya heshima yake, na ndivyo vifurushi vya namna hiyo husafiri: mikononi mwa shangazi, jirani, rafiki wa shule. Heshima kwa mkubwa haimlazimishi mtu kumfungulia sanduku. Kifurushi kilichofungwa hakipokelewi. Kilichofunguliwa nacho hakipokelewi, maana dawa za kulevya zinaweza kuwa kwenye soli ya kiatu.

Mengine ni mafupi. Mirungi ni halali Kenya, lakini ni marufuku Tanzania, Falme za Kiarabu, na Uingereza tangu 2014. Dawa zenye kodeini au tramadoli zinahitaji kibali Dubai, hata zikiwa za bibi. Mifuko ya plastiki haiingii Tanzania tangu Juni 2019. Pawabenki hukaa na mwenyewe, haishuki kwenye shehena. Nchi nyingi humruhusu mhudumu kuingiza bidhaa kidogo kuliko abiria bila ushuru, kwa hiyo simu tano haziitwi zawadi. Hotelini sanduku haliwekwi kitandani wala kwenye zulia, kunguni ni wepesi wa kuhama. Na hata kwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, nguo ya kubadili, mswaki na kanga moja huwamo, kwa kuwa ndege huharibika.

Anayetaka kutuma mzigo ana njia. Deira zimejaa ofisi za kusafirisha mizigo zinazopokea kwa kilo na kutoa risiti yenye jina la mtumaji, na jina hilo ndilo ambalo watu wa vifurushi vya bure hawapendi kuliandika. Mama wa nyumba ya pili, aliyesema mjukuu anamletea simu mbili mwezi ujao, ameshaelezwa na babu mtu kwamba hazitakuja kwa njia hiyo, na amepewa namba ya ofisi mojawapo. Hajaipiga.

Babu, Tanga