Gaige si Mkeka

Borderlands 2 ina wahusika sita wa kuchagua. Muulize yeyote aliyewahi kuicheza, atakwambia anza na Axton, yule mwanajeshi mwenye bunduki ya kutegesha chini, kwa sababu hakupi presha. Mimi nacheza na Gaige, na sina mpango wa kumwacha. Washkaji wa hapa Chuno wanaomjua wanasema nimejitafutia mateso. Naomba nimtetee kwenye kurasa hizi, maana kumtetea kumenisaidia kujibu swali ambalo chumbani kwetu lilifika mahali likawa zito kuliko gemu yenyewe.

Kwa ambao hamjaiona: Borderlands 2 ilitoka Septemba 2012, imetengenezwa na Gearbox Software ya Marekani. Ni gemu ya kupiga risasi na kuokota silaha. Unaua adui, anadondosha bunduki, bunduki hiyo inakupeleka kwa adui mkubwa zaidi, naye anadondosha kubwa zaidi, na ukija kushtuka ni saa nane usiku na kesho una test. Mnacheza mtandaoni hadi watu wanne. Kwa kuwa ni ya zamani, inafunguka hata kwenye laptop zetu za mtumba, na mkiwa chumba kimoja mnaunganisha mashine kwa hotspot ya simu bila kula bando. Jumapili ile ya Mei 12, 2024, nyaya za baharini zilipopata hitilafu na intaneti ikasuasua nchi nzima, huo ndio uliokuwa utajiri wetu.

Gaige aliongezwa Oktoba mwaka huohuo wa 2012. Kwenye hadithi ni mwanafunzi mwenzetu, miaka 18. Alitengeneza roboti inaitwa Deathtrap kwa ajili ya maonyesho ya sayansi shuleni, roboti ikamuua msichana aliyekuwa akimwonea, naye akakimbilia sayari ya Pandora. Lakini kinachomfanya awe hatari si roboti. Ni ujuzi wake mmoja unaoitwa Anarchy.

Anarchy inafanya kazi hivi. Kila ukiua adui, au ukimaliza risasi zote kwenye magazini hadi bunduki ijijaze yenyewe, unapata pointi moja. Kila pointi inaongeza nguvu ya risasi zako kwa asilimia 1.75, na inapunguza shabaha yako kwa asilimia 1.75. Kikomo cha kawaida ni pointi 150, yaani nyongeza ya asilimia 262.5. Ukiwekeza kwenye ujuzi mwingine unaoitwa Preshrunk Cyberpunk, kikomo kinafika 400, na nyongeza inakuwa asilimia 700. Risasi moja inapiga kama nane. Tatizo ni kwamba hujui itaenda wapi. Unalenga kichwa, inapiga mawe.

Halafu kuna sharti. Ukibonyeza kitufe cha kujaza risasi kabla magazini haijaisha, pointi zote zinafutika. Zote, hata kama umezikusanya kwa saa mbili. Na vidole vya mtu aliyezoea gemu za kupiga risasi vinabonyeza R vyenyewe, bila hata kuviambia. Adui akitulia kidogo, R. Ukiingia mlangoni, R. Ni woga wa kukutwa na magazini nusu, na kwenye gemu nyingine woga huo ndiyo akili. Kwa Gaige ndio unaokumaliza.

Kwa hiyo kumjua Gaige kunaanza na kukifundisha kidole kutulia. Mimi nilitumia wiki mbili hivi kwenye maeneo ya maadui wepesi, nikifanya jambo moja tu: pambano likiisha na risasi zimebaki tano, nazimalizia ukutani, bunduki inajijaza yenyewe, pointi inaongezeka. Nikibanwa katikati ya magazini sijazi, nabadilisha bunduki, kwa sababu kubadilisha bunduki hakufuti kitu. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini watu wanampa ujuzi wa Smaller, Lighter, Faster, unaopunguza ukubwa wa magazini. Kwa mhusika mwingine hiyo ingekuwa hasara. Kwake magazini ndogo inaisha haraka, na ikiisha unalipwa.

Shabaha nayo unaifanyia mpango. Unaachana na kulenga mbali, unabeba shotgun, unamsogelea adui hadi hata risasi iliyopotea haina pa kwenda ila kwake. Roboti unaitanguliza ili maadui wahangaike nayo. Na unachukua ujuzi unaoitwa Close Enough: risasi ikikosa na kupiga ukuta, ina nafasi ya kudunda kumfuata adui aliye karibu, ingawa kwa nguvu pungufu. Kinachonifurahisha ni kwamba ujuzi huo uko kwenye mti uliokusudiwa wachezaji wanaoanza. Yaani staili ya hatari kuliko zote kwa Gaige inasimama juu ya msaada waliowekewa wasiojua kulenga. Wajuaji wengi wanaudharau. Nimewaona wakija na pointi 300, mikono mitupu, wanakufa mbele ya adui wa kawaida kabisa.

Sasa swali. Mwenzangu wa chumbani ni mtu wa mikeka. Boom likiingia, anaangalia kwanza ligi za Ulaya, halafu ndiyo anaangalia daftari la madeni. Muhula uliopita alikuwa hajamaliza ada, na bila kumaliza ada hupati namba ya mtihani. Laki moja na nusu iliyokuwa iende chuoni ikaenda kwenye mikeka mitatu, na yote ikachanika. Tulipomsema, alinigeukia mimi: "Wewe unajifanya mtakatifu wakati kutwa unacheza na yule demu wa Anarchy? Wote tunapenda risk. Tofauti ni kwamba mimi nikishinda nakula hela, wewe unakula usingizi."

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Lakini lilikuwa swali la haki, na nimelifikiria sana tangu siku ile.

Tofauti ya kwanza ni kwamba Gaige ananiambia bei yake mapema. Asilimia 1.75 ya nguvu, asilimia 1.75 ya shabaha, imeandikwa pale. Mkeka hauandiki. Chukua mechi 10, na tuseme wewe ni mjuzi kweli wa mpira, kila mechi una nafasi ya asilimia 60 kupatia. Zidisha 0.6 kwa 0.6 mara kumi: unapata kama 0.006. Mkeka mmoja kati ya 165 hivi. Na hapo nimekupa ujuzi ambao wengi wetu hatuna.

Ya pili: kwa Gaige, mkono wangu unabadilisha matokeo. Wiki ile niliyozimalizia risasi ukutani ilinifanya niwe bora wiki iliyofuata. Mwenzangu ameweka mikeka miaka miwili, na beki wa timu ya Uingereza hajawahi kumsikia hata siku moja akipiga kelele mbele ya simu.

Ya tatu ndiyo iliyonigusa, na niliipata kwetu Newala, si kwenye gemu. Wa Kusini mnaijua kangomba. Mkulima wa korosho anauza kwa mlanguzi, kwa kipimo na kwa bei ya kutupa, wakati angesubiri apeleke kwenye chama cha msingi na mnada ungempa zaidi. Ukimtazama kwa mbali utasema huyu kabonyeza R mapema, kafuta pointi zake zote. Lakini kaa naye jikoni uone. Hauzi kwa sababu ya woga wala ujinga. Debe la unga limeisha na mtoto anatakiwa shule. Anayeweza kusubiri mnada ni yule mwenye cha kula ndani. Kusubiri kunahitaji ngao.

Na hicho ndicho Gaige anachokudai kabla ya yote: ngao nzuri, roboti mbele, bunduki ya pili mgongoni, na mwenza wa kukuinua ukidondoka. Ukiwa na hivyo, pointi 400 ni silaha. Ukiwa huna, ni njia ya kufa kwa kelele. Mwenzangu hakuweka dau la ziada yake, aliweka ngao yenyewe. Ada ndiyo iliyokuwa inamsimamisha hapa chuoni, na ndiyo aliyoitupa mezani.

Nilimwambia hivyo, kwa maneno machache kuliko haya. Hakujibu siku hiyo. Ada ilipatikana: sehemu tulichanga chumbani, sehemu alituma kaka yake kutoka Masasi, na namba ya mtihani akaipata siku mbili kabla ya UE. Siwezi kuandika hapa kwamba ameacha kubeti. Ninachojua ni kwamba boom lililofuata alilipia chuo kwanza, risiti akaibandika ukutani juu ya kitanda, kisha akaniomba nimuoneshe namna ya kumcheza Gaige.

Nilimkatalia kwa muda, nikampa Axton. Akifika mahali anamaliza pambano bila kufa, tutahamia kwa Gaige, na somo la kwanza litakuwa lile la ukutani. Nanyi mnaotaka kujaribu, fanyeni hivyohivyo. Wekeni pointi za mwanzo kwenye Close Enough bila aibu, tafuteni ngao kabla ya bunduki, na kile kitufe cha R kibandikeni kipande cha plasta kwa wiki mbili. Chajini laptop pia, maana ukizimika katikati, pointi ulizokusanya haziwi pale ukirudi, na umeme wetu mnaujua wenyewe.