Mng'aro Si Thamani

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii yawafaa sana wakaguzi wa sarafu kongwe, kwani katika kazi yao mng'aro ni shahidi asiyeaminika.

Nyanya yangu, mkaazi wa Bungoma, ana mkebe wa sarafu alizoachiwa na marehemu babu, aliyekuwa kibarua katika mashamba ya walowezi karibu na Kitale. Karo ya binamu yangu ilikuwa ikidaiwa, na uvumi ulikuwa umeenea kwamba senti zenye tundu huuzwa kwa mamilioni. Jirani alimshauri nyanya azisugue kwa majivu na ndimu kabla ya kuzipeleka sokoni.

"Nyanya, tafadhali usizisugue," nilimsihi. Weusi wa miaka mingi ndio ngozi ya sarafu. Ukiisugua, wauchuna uso wake, na mikwaruzo hubaki milele. Mkusanyaji huiona kwa lenzi, na bei hushuka papo hapo.

Tulizipanga juu ya kitambaa, tukizishika ukingoni ili jasho la vidole lisiziguse nyuso. Tulianza na sehemu zilizoinuka, kwa maana ndizo zitangulizazo kuchakaa: katika shilingi, manyoya ya shingo ya simba, katika senti kumi, mistari ya pembe za ndovu zilizolizunguka tundu. Kisha tukasoma herufi na mwaka. Mwaka 1949, Mmarekani William Sheldon alibuni mizani ya alama 1 hadi 70, ambapo 70 ni sarafu isiyo na dosari. Nyingi za babu zilikuwa chini kabisa ya mizani hiyo.

Moja ilikuwa senti kumi ya 1936 yenye jina la Edward wa Nane, aliyejiuzulu ufalme Desemba mwaka huo huo. Historia yake ni ya ajabu, lakini zilitengenezwa kwa wingi. Hivyo bei yake ni ndogo. Ilinibidi nimwambie nyanya kweli hiyo.

"Yaani babu yako alitoka jasho la bure, mjukuu wangu?" aliuliza.

"La, nyanya. Zimechakaa kwa sababu zilifanya kazi: zilinunua chumvi, zikalipa kodi."

Mkusanyaji mmoja wa Kitale alinunua shilingi mbili tu, zilizokuwa zimehifadhi manyoya ya simba. Fedha hizo zilitosha viatu vya shule. Karo ililipwa kwa mahindi.

Wapenzi wa Kiswahili, kupanga daraja la sarafu ni uhakiki. Mhakiki haongezi wala hapunguzi. Hueleza kilichopo, hata kama mwenye mali ni nyanya yake mzaa baba. Sarafu za Afrika Mashariki ziliondoka baada ya Kenya kutoa zake mwaka 1966, ila majina ndururu na thumuni yangali vinywani mwa wazee. Nayo yamelainika kwa kutumiwa, na tuyaandike jinsi yalivyo.