Rangi Zilizokuja Kila Wiki

Katika ukoo wetu, miaka ya uhamishoni husimuliwa kwa namna moja tu. Babu aliukimbia utawala wa Idi Amin, akaenda Uingereza na bibi na watoto, wakaishi kwa baridi na unyonge hadi Amin alipoangushwa mwaka 1979. Hakuna aliyewahi kuuliza kama walicheka huko, kwa sababu furaha ya mkimbizi huonekana kama usaliti.

Hata hivyo, kabatini mwa baba zimo nakala kumi na moja za Look-in, jarida la watoto la kila wiki lililohusu vipindi vya runinga ya ITV. Toleo lake la kwanza ni la tarehe 9 Januari 1971. Tarehe 25 ya mwezi huohuo, Amin alimpindua Obote. Tukio moja lilikuja kumfukuza baba nyumbani. Jingine lilikuja kumpokea ugenini.

Kinachovuta macho kwanza ni majalada. Si picha za kamera. Yamechorwa kwa brashi na rangi. Mengi ya miaka ya 1970 ni kazi ya Arnaldo Putzu, Mwitaliano mzaliwa wa Roma aliyehamia London na kuchora pia mabango ya sinema. Katika bango lake la Get Carter, sinema ya mwaka 1971, Michael Caine amevaa koti la maua ambalo havai ndani ya sinema yenyewe. Putzu hakuwa mtu wa kunakili tu, aliongeza.

Kwa watoto wa wakati ule, nyongeza hiyo ilikuwa na maana kubwa. Uingereza ilikuwa na stesheni tatu tu za runinga hadi mwaka 1982. Deki za kurekodia zilikuwa adimu majumbani, kwa hiyo kipindi kikipita, kimepita. Runinga ya babu ilionyesha nyeusi na nyeupe. Baba alimtazama Steve Austin wa The Six Million Dollar Man akikimbia katika ukijivu, kisha akamkuta kwenye jalada dukani, mashavu yana damu, macho yana uhai. Ndani, visa vyake viliendelea kwa katuni. Jarida ndilo lililomhifadhia alichokiona.

Tena lilimpa lugha. Alikuwa mtoto mweusi peke yake darasani, na Kiingereza chake kilichekwa.

"Lakini jarida likitoka," aliniambia, "walinizunguka, maana nilijua kuzichora zile sura."

Mwaka jana, baada ya mazishi ya babu, baba mkubwa aliagiza makaratasi yote ya Uingereza yachomwe. Alisema hatuwezi kutunza masalia ya mateso. Baba hajawahi kumpinga kaka yake mbele ya watu. Siku ile alilishika boksi kwa mikono miwili.

"Kaka, nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa na furaha."

Pakawa kimya. Baba mkubwa aliondoka kumi na sita kule alikokimbilia, alijua alichopoteza. Sasa naona wote wawili walisema kweli. Kutamani ya zamani hakumaanishi kuyasifu yote yaliyotendeka zamani. Baba hautamani uhamisho. Anatamani ile siku ya wiki ambayo mtoto mgeni alikuwa na kitu cha kungojea, kama walivyongojea wenzake, kutoka kwa mchoraji ambaye naye alikuwa mgeni katika nchi ileile.

Look-in ilikoma mwaka 1994, na Putzu alifariki mwaka 2012. Boksi halikuchomwa. Kila likizo mimi na baba tunachukua nakala moja. Yeye anasimulia, mimi naandika kwa Kiswahili. Tumefika ya nne. Juzi baba mkubwa alipiga simu, akauliza kama katika zile nakala imo yenye ABBA.