Waridi Jipya Huhukumiwa Naivasha

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru, akifika ukingoni mwa Bonde la Ufa, hupunguza mwendo hata kama hana haja ya kupumzika. Mbele yake husimama mlima Longonot, na nyuma ya mlima huo hulala ziwa la Naivasha. Mwaka 1950 mtu aliyetazama bondeni aliona maji, mafunjo na malisho ya ng'ombe. Siku hizi huonekana pia weupe mwingine ung'aao juani kando ya ziwa, na mgeni aweza kudhani kwamba maji yamefurika mashambani. Si maji. Ni mapaa ya nailoni ya nyumba za maua, na maua yenyewe kwa sehemu kubwa ni mawaridi.

Habari za mawaridi hayo zajulikana na wengi: jinsi yanavyochumwa, yakafungwa mafungu, yakapakiwa katika malori yenye baridi na kupelekwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na usiku huohuo yakaruka kwenda Ulaya. Lisilojulikana sana ni kwamba huko Naivasha ziko nyumba nyingine ambazo maua yake hayakupandwa ili yauzwe. Vitalu vyake ni vifupi, na kila baada ya hatua chache rangi hubadilika, kutoka nyekundu ya damu hadi ya chungwa, kutoka nyeupe hadi ile ya zambarau iliyopauka. Penye kila kitalu pana kibao kidogo chenye namba, wala si jina. Hizi ni nyumba za majaribio za wazalishaji wa mbegu mpya, wengi wao watu wa Uholanzi, Ujerumani na Ufaransa. Mawaridi yaliyomo hayajapata kuonekana katika soko lolote duniani, na mengi yao yatang'olewa kabla hayajaonekana.

Mwanzo wa kila moja ulikuwa mbali na ziwa hili, katika nyumba za vioo za Ulaya. Kazi ya kuzalisha waridi jipya si ya siri wala si ya mashine. Mfanyakazi huchagua ua la kuwa mama, na kabla halijafunguka wenyewe hulivua majani yake ya rangi, akang'oa kwa uangalifu vile vinyuzi vyenye unga wa dume, ili ua lisijichavushe lenyewe. Vinyuzi vya ua la baba huwa vimekwisha kukusanywa na kuanikwa katika kisahani mpaka vikatoa unga wa manjano. Unga huo hupakwa kwa brashi ndogo, au hata kwa ncha ya kidole, katikati ya ua la mama. Kisha hufungwa kibandiko chenye majina ya wazazi wawili. Baada ya miezi kadhaa kitako cha ua huvimba kikawa tunda dogo la rangi ya chungwa, na ndani yake mna mbegu, pengine chache sana, pengine nyingi. Mbegu huwekwa mahali penye unyevu na baridi kwa majuma mengi, maana bila baridi hazitaki kuamka. Hata hivyo nyingi hukataa kuota.

Zile zinazoota hutoa ua la kwanza zingali na kimo cha shubiri moja. Hapo ndipo ajabu ya waridi huonekana. Wazazi ni walewale, tunda ni lilelile, lakini hakuna mche unaofanana na mwenzake. Mmoja ni mwekundu, wa pili una rangi ya nyama mbichi, wa tatu una miiba kama mbigili, wa nne ua lake lina majani matano tu kama waridi la mwituni. Mkulima wa Murang'a au Kisii aliyepata kupanda kokwa ya parachichi tamu, akangoja miaka, akavuna matunda ya maji yasiyo na mafuta, anaifahamu habari hii bila kufundishwa. Mbegu haiahidi kitu.

Kwa hiyo mche ukisha kupendwa hauzidishwi tena kwa mbegu. Hukatwa vipande na macho yake hubebeshwa juu ya mashina ya waridi jingine lililo gumu. Hapa Kenya shina litumiwalo sana kwa kazi hiyo ni lile liitwalo Natal Briar, ambalo mizizi yake huvumilia udongo na maji ya nchi hii. Hivyo mawaridi yote ya jina moja, yakiwa Naivasha, Ethiopia au Ecuador, kwa kweli ni kichaka kimoja kilichokatwakatwa mara mamilioni.

Kazi hii ina ukoo mrefu. Ulaya ya kale ilikuwa na mawaridi yaliyochanua mara moja kwa mwaka, kisha basi. Yalipofika mawaridi ya China, mwishoni mwa karne ya 18, ndipo watu walipopata damu ya kuchanua tena na tena. Mwaka 1867 mkulima wa Lyon huko Ufaransa, Jean-Baptiste Guillot, alitoa waridi aliloliita La France, nalo huhesabiwa kuwa la kwanza la jamii ile yenye ua kubwa moja juu ya kikonyo kirefu. Katika nchi ileile ya Lyon ukoo wa Meilland ulichavusha mwaka 1935 lile waridi la manjano lenye kingo za waridi, ambalo vipande vyake vilipelekwa ng'ambo vita vilipokaribia, na tarehe 29 Aprili 1945 likapewa huko California jina la Peace, yaani Amani. Hilo lilikuwa ua la bustani. Lakini mwaka 1954 Francis Meilland alitoa jekundu liitwalo Baccara, na hili lilikuwa mali ya muuza maua: kikonyo kirefu, ua gumu, lisilolegea upesi likikatwa. Tangu hapo njia mbili ziliachana. Waridi la bustani hutakiwa lipendeze likiwa juu ya mti wake. Waridi la kukatwa hutakiwa lipendeze baada ya kukatwa, kukaushwa kiu, kulazwa sandukuni na kusafirishwa maili elfu nne.

Basi kwa nini lihukumiwe Naivasha, na si kulekule lilikozaliwa? Jibu liko katika nchi yenyewe. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, jua lake ni la utosini, mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima, na usiku una baridi. Uholanzi wakati wa baridi jua ni haba, nao wenye mashamba huwasha taa na kupasha moto nyumba zao. Waridi lililosifiwa chini ya taa hizo laweza kufika hapa likaaibika. Jekundu huungua kingo zikawa nyeusi. La waridi hupauka. Jingine hutoa ua dogo kama kifungo. Na mara nyingine mambo huwa kinyume: mche ambao Ulaya ulitazamwa bila hamu, hapa hunyoosha vikonyo kana kwamba ulikuwa ukingojea jua hili.

Tena Naivasha si Kenya nzima. Kitalu kilekile kikipandwa Timau, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, hewa ya baridi hukichelewesha; mavuno hupungua, lakini ua hunenepa na kikonyo hurefuka. Ndiyo maana mwenye busara hujaribu aina yake mahali pa joto na mahali pa baridi kabla ya kusema neno juu yake. Wakulima wanaozijua nyanda zao watasema kwamba mahindi nayo yana tabia hiyohiyo.

Katika nyumba ya majaribio kuna kuhesabu kwingi kuliko kutazama. Vikonyo huhesabiwa kwa kila mita ya mraba, kwa juma, kwa mwaka. Urefu hupimwa kwa sentimita, maana bei hufuata urefu. Miiba huangaliwa, kwa kuwa mikono ya wachumaji na ya wafungaji ndiyo itakayoumia. Huangaliwa pia ni mche upi unaoshikwa upesi na ule ukungu mweupe ukaao juu ya majani kama unga, na upi unaojitetea. Aina isiyougua huokoa dawa, na katika bonde ambalo maji ya mashamba na ya samaki ni ziwa moja lisilo na mto wa kutokea juu ya ardhi, dawa ikiokolewa faida si ya mwenye shamba peke yake.

Mtihani ulio mkali kuliko yote hufanyika mbali na vitalu, katika chumba kisicho na madirisha mazuri wala mapambo. Mawaridi hulazwa kwenye masanduku katika baridi kwa siku nyingi kama zile za safari, kisha hutolewa, hukatwa miguu na kusimamishwa ndani ya vyombo vya maji. Mtu hupita kila asubuhi akiwa na kitabu chake. Je, limefunguka? Shingo imeinama? Kuna madoa ya kuoza? Ua lililovutia macho yote shambani huweza kuangusha kichwa siku ya tatu, na hapo hadithi yake imekwisha. Lenye kudumu majuma mawili huanza kutajwa kwa heshima.

Kwa ajili ya mtihani huu ndiyo harufu imepotea. Mteja wa London akipewa waridi hulipeleka puani kwanza, na aghalabu hakuti kitu. Wazalishaji wameona mara nyingi kwamba maua yenye harufu kali hayadumu sana chomboni, wakachagua kudumu. Ni hasara, na haifai kuipaka rangi. Wapo wanaojitahidi sasa kuirudisha harufu bila kupoteza siku, lakini mambo hayo mawili huvutana kama watu wawili juu ya kamba moja. Kuna pia tamaa ya kale ya kupata waridi la buluu. Mwaka 2009 kampuni ya Suntory ya Japani iliuza moja lililotiwa chembe ya urithi kutoka katika ua jingine. Hata hivyo mtu asiyeambiwa angeliita zambarau.

Waridi likifaulu, mkulima hulikuta swali lake mwenyewe: alipande au asilipande? Hekta moja huchukua miche elfu sitini hivi au zaidi, nayo hukaa ardhini miaka mingi. Aliyechagua rangi ambayo wanunuzi wataichoka baada ya miaka miwili atabaki na shamba la vichaka vyenye afya visivyotakiwa. Kule Aalsmeer, Uholanzi, soko lililoanza mwaka 1911, bei huanzia juu na kushuka kama mshale wa saa, na wa kwanza kubonyeza ndiye mnunuzi. Waridi lisilopendwa huonekana hapo waziwazi: mshale hushuka, hushuka, wala hakuna mkono unaotikisika.

Zaidi ya gharama ya mche, mkulima humlipa mzalishaji haki yake kwa kila shina. Jambo hili limeleta maneno mengi. Mwenye shamba huuliza kwa nini alipie tena kitu alichokinunua na kukimwagilia mwenyewe, ilhali kukata kipande na kukibebesha ni kazi ya dakika chache. Mzalishaji hujibu kwamba alilisha maelfu ya miche iliyotupwa, kwa miaka saba au kumi, ili apate huo mmoja. Amerika ilikata shauri mapema: sheria yake ya mwaka 1930 iliruhusu mmea kupewa hataza, na wa kwanza kuipata, mwaka 1931, ulikuwa waridi liitwalo New Dawn. Mkataba wa mataifa juu ya haki hizo ulitiwa sahihi Paris mwaka 1961, nayo Kenya ikaingia mwaka 1999. Ombi la haki hapa hupelekwa kwa shirika la KEPHIS, na aina mpya hupimwa kwa mambo matatu: iwe tofauti na zote zinazojulikana, mimea yake ifanane, na isigeuke ikizidishwa. Haki hiyo si ya milele. Miaka ikiisha, ua huwa la watu wote.

Hoja ya mzalishaji ina nguvu, maana bila malipo hakuna atakayechavusha tena. Walakini yafaa kutazama pia juu ya bonde, upande wa Kinangop, ambako wenye mashamba madogo hukuza ua jeupe la arabicum. Balbu zake huzaa balbu ndogo pembeni, na mtu huweza kuanza kwa kikapu kimoja alichokipata kwa jirani. Mkulima wa namna hiyo hawezi kulikaribia waridi jipya. Si kwa sababu hajui kazi. Mlango wake una bei kubwa mno. Mpaka sasa watu wa Naivasha wamekuwa mahakimu wa mawaridi kuliko wazazi wake, ingawa macho ya wachumaji na wapimaji wake yamekwisha kuona aina nyingi kuliko wazalishaji wengi wa zamani walivyoona maishani mwao.

Jina huja mwisho kabisa. Kwanza waridi huandikwa katika daftari za serikali kwa neno gumu linaloanza kwa herufi za mzalishaji, kama Schemocba, ambalo hakuna muuza duka awezaye kulitaja. Wateja hulijua kwa jina la Red Naomi. Zile namba nyingine za vitalu hazifikii hata hapo. Jioni hupita mtu mwenye daftari na mwingine mwenye mkokoteni. Wa kwanza hupiga mstari, wa pili hung'oa, na kibao hupanguswa ili kiandikwe namba nyingine.